Ndege wa Theluji na Neno "Atazoea"



Wapenzi wasomaji, majumbani mwetu kuna neno moja lililofunga milango mingi ya kheri: "Usimpe, atazoea." Husemwa juu ya mjane, juu ya mpwa asiye na karo, juu ya jirani aombaye kibaba cha mchele. Juma hili tumeona tulipime neno hilo kwa viumbe wadogo mno, ndege wa nchi za theluji.

Katika mashamba ya Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, jua la Januari huchelewa kuchomoza, na likichomoza huikuta ardhi yote imefunikwa weupe. Mbegu zimefukiwa, wadudu hawaonekani, na baridi yaweza kushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Wenyeji wengi hutundika uani kisanduku cha mbegu za alizeti. Miongoni mwa wanaokijia alfajiri ni ndege aitwaye chikadi, jina lililofuata mlio wake. Uzito wake ni gramu 11 hivi, kama vijiko vitatu vya chai vya sukari. Usiku kucha ameyachoma mafuta ya mwili wake apate kuishi, na joto lake ameliteremsha kwa nyuzi kama 10 ili akiba isimwishie. Kukipambazuka, hana budi kula.

Katika miaka ya 1980, wataalamu wawili wa huko, Margaret Brittingham na Stanley Temple, waliwachunguza ndege hawa. Waliolishwa waliokoka majira ya baridi kwa kiasi cha 69 katika kila 100. Wasiolishwa, 37 tu. Faida hiyo ilidhihiri zaidi siku za baridi kali mno.

Kisha wakauliza swali letu: je, wamezoea? Wakaviondoa visanduku mahali ambapo ndege walilishwa kwa miaka 25. Ndege wale waliishi sawasawa na wenzao ambao hawakupata kulishwa. Sababu yake ni kwamba hata walipolishwa, karibu sehemu nne katika tano za chakula chao walizitafuta wenyewe msituni.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa ndege hutoka asubuhi na njaa, wakarejea jioni wameshiba. Wanazuoni wametanabahisha kwamba ndege hao hutoka, hawangoji kiotani. Basi mkono unaotoa hauondoi juhudi ya anayepewa. Humvusha tu usiku wa baridi.

Hatusemi kuwa kuombaomba ni jambo jema. Dini yetu imelikemea kwa mwenye uwezo. Tunasema kwamba tusiifanye hofu ya mazoea kuwa pazia la ubahili. Kabla ya kusema "atazoea", tujiulize: huyu yumo katika baridi yake? Mjane aliye katika eda, aliyeachishwa kazi, mgonjwa aliyetoka hospitali jana, hao wamo. Tuanze na jamaa zetu, kwani kumpa jamaa ni sadaka na ni kuunga udugu. Na tusingoje wingi wa mali. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aifanye mikono yetu iwe sababu ya riziki za waja Wake, wala asiifanye ndimi zetu kuwa kizuizi. Amin.

Wabillahi tawfiq.