Jua la Tawa halitoshi bila figo

Mtu akiwaambia wakazi wa Tawa kwamba wanaweza kupungukiwa na vitamini D, bila shaka watamcheka. Soko hili la Mbooni, katika Kaunti ya Makueni, haliko hata nyuzi mbili kusini mwa ikweta, na jua si bidhaa adimu huko. Nao wanafunzi wetu hukariri tangu shule ya msingi sentensi moja: jua hutupa vitamini D. Sentensi hiyo si ya uongo, ila imekatwa katikati, na kipande kilichokatwa ndicho kinachowahusu wagonjwa wa figo.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu, kwa hiyo naanza na neno. Casimir Funk alibuni jina la vitamini mwaka wa 1912 kwa vitu ambavyo mwili hauna budi kuvipata katika chakula. Kumbe hiki kilichopewa herufi D mwaka wa 1922 si cha chakula hasa. Ngozi hukiunda inapopigwa na miali ya jua, ini hukigeuza, kisha figo hukigeuza mara ya pili, na hapo ndipo kinapopata nguvu kamili ya kuuamuru utumbo ufyonze kalsiamu ya kujenga mifupa. Kazi hiyo ya figo ilibainishwa na Fraser na Kodicek huko Cambridge mwaka wa 1970. Kitu kinachoundwa na kiungo kimoja ili kukiamuru kingine huitwa homoni. Jina la zamani limesalia, nalo linapotosha: asikiaye "vitamini" hufikiria sahani au duka la dawa.

Basi mgonjwa ambaye figo zake zimedhoofika aweza kushinda shambani kutwa na bado akapungukiwa. Kalsiamu ikishuka katika damu, tezi ndogo za shingoni huamuru ichotwe mifupani, na mifupa ikadhoofika. Kumshauri mtu huyo aote jua tu ni kama kumwambia mwenye kinu kilichopasuka aongeze mahindi. Anayehitaji hupewa na daktari dawa ambayo tayari imekwisha kugeuzwa, naye huangaliwa kwa vipimo.

Mwenye figo nzima ana habari njema zaidi. Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania waishio kwa desturi za jadi, ambao vipimo vyao vilichapishwa mwaka wa 2012, walikuwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita moja, ilhali wataalamu wengi humhesabu aliye chini ya 50 kuwa amepungukiwa. Wala hawakuota jua makusudi. Walikimbilia kivuli walipoweza, lakini siku yao ilipita nje. Mwanafunzi wa bweni aingiaye darasani alfajiri na kutoka jioni hana siku kama hiyo, na muthokoi kwa ndengu, pamoja na utamu wake wote, hauzibi pengo hilo.

Wako wanaodhani kwamba tembe za vitamini D ni kinga ya figo. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka wa 2019, uliowafuata watu 1,312 wenye kisukari kwa miaka mitano, haukuona kwamba tembe hizo huzuia figo kudhoofika. Zikizidi mno, huijaza damu kalsiamu na kuziumiza figo zile zile.

Maadui wakubwa wa figo ni kisukari na shinikizo la damu, na madhara yao mwanzoni hugunduliwa kwa vipimo, si kwa maumivu. Hapa wake kwa waume hawako sawa. Ulimwenguni wanawake wenye maradhi sugu ya figo ni wengi kuliko wanaume, ilhali wanaume ndio wengi miongoni mwa wanaofikia kusafishwa damu kwa mashine. Sidai kwamba sababu ni moja. Hata hivyo, mwanamke mjamzito aendapo kliniki hupimwa shinikizo na mkojo. Mwanamume hana kliniki imwitayo. Walimu wanaume wa Tawa waliotimiza miaka 40 wangeweza kuitumia likizo ijayo kupimwa mambo hayo mawili, pamoja na sukari, kisha wakafungua muhula kwa kuwasomea wanafunzi ile sentensi ikiwa nzima: ngozi, ini, figo.