Nodi Kuukuu Haigomi, Inapofuka

Wengi hudhani nodi ya Bitcoin isiposasishwa siku moja itagoma yenyewe. Haigomi, na hapo ndipo penye hatari.

Chukua nodi inayotumia programu ya mwaka 2015. SegWit ilipoanza Agosti 2017, sahihi za malipo zilihamishiwa sehemu ya pembeni ambayo programu hiyo haiijui. Nodi mpya zinapoitumia data, huiondoa sehemu hiyo kwanza. Basi nodi kuukuu huziona pesa hizo kama hazina kufuli, yeyote anaweza kuzichukua. Malipo yake yakiwa bado hayajaingia kwenye bloku, huyapuuza. Yakishaingia, huyakubali. Sahihi yenyewe haijaiona, sembuse kuikagua! Na nodi isiyoijua Taproot, iliyoanza Novemba 2021, huyapitisha malipo ya Taproot vivyo hivyo.

Waliobuni mpango huu walikusudia hivyo ili mtandao usigawanyike, na nawasifu. Lakini askari wa geti anayefungulia kila gari asilolijua yuko kazini kwa jina tu.

Tulishaona matokeo. Tarehe 4 Julai 2015 sheria iliyobana muundo wa sahihi, BIP 66, ilianza kutekelezwa baada ya bloku 950 kati ya 1,000 kuonyesha kuiunga mkono. Muda mfupi baadaye mchimbaji mmoja akatoa bloku iliyoivunja. Wengine, waliokuwa wakichimba bila kukagua, wakajenga juu yake hadi mnyororo batili ukafika bloku 6. Nodi zilizosasishwa ziliukataa. Nodi kuukuu ziliupokea na kuonyesha malipo yamethibitishwa, kumbe bado. Watumiaji wake wakashauriwa wasubiri uthibitisho 30 zaidi ya kawaida.

Kuna wanaosema kutosasisha ni njia ya kupinga sheria mpya. Mimi sikubali. Sheria ya aina hii ikishashikwa na wachimbaji wengi, nodi yako itaufuata mnyororo wao tu. Hujapinga chochote, umejifumba macho.

Ukiwa na nodi ya kujifunzia, shauri yako. Lakini ukiitegemea kupokea pesa za watu, angalia leo ni toleo gani, kisha usasishe. Faida ya kuwa na nodi ni kujikagulia mwenyewe. Isipokagua, umebaki na bili ya stima.