Mbona Sauti ya Lufufu Mliikubali?

Jamani, nina ugomvi na wapenda sinema wenzangu wa hapa Moshi. Tangu ilipotangazwa mwaka 2024 kwamba Silver Surfer, yule wa rangi ya fedha anayepaa angani na ubao wake, ataigizwa na mwanamke, Julia Garner, vijana wa vibanda umiza vya Pasua na Majengo wamepandisha mori: "Wamemharibu jamaa!" Filamu imetoka Julai 2025, nongwa haijaisha.

Wamemharibu nani? Anayeigizwa ni Shalla-Bal, mwanamke aliyemo katika vitabu vya katuni tangu 1968. Hamkusoma, mnapiga kelele tu.

Tena ninyi hao hao mmekulia kwenye mikanda ya Lufufu! Kapteni Derek Mukandala, mtu mmoja, sauti moja, alikuwa mama, mchumba, jambazi na polisi ndani ya sinema moja, na hakuna aliyedai arudishiwe hela yake. Mwanamume kusema maneno ya mwanamke, ruksa. Mwanamke kupanda ubao, nuksi! Na Kiswahili chenyewe, ukisema "aliruka", nani kajua ni wa kike au wa kiume?

Linanikera kwa sababu naandika riwaya, na shujaa wangu ni mpagazi wa kike, anapandisha kilo 20 za mizigo ya watalii kutoka lango la Machame. Jamaa mmoja niliyempa mswada akaniambia, "Mgeuze awe dume, mwanangu, ndo itauza." Wanawake wa kazi hiyo wapo, nendeni langoni asubuhi mkawaone. Simgeuzi ng'o. Sura ya saba ameshafika kambi ya Barafu, vidole vimekufa ganzi, na mzigo bado uko kichwani.