Dinamo na Alteneta: Ipi Itufaayo Bondeni?

Likizo ifikapo, sisi wanafunzi wa bweni huulizwa na wazee wetu: "Haya, hiyo fizikia yenu yasemaje juu ya trekta langu?" Katika bonde letu la Kilombero kungali na matrekta na Land Rover za zamani zenye dinamo, na wenyewe hawataki kuzibadili. Kwa maoni yangu zibadilishwe, zitiwe alteneta.

Katika dinamo umeme huzaliwa kwenye nyaya zizungukazo, nao wote hauna budi kupita katika brashi za kaboni zisuguazo shaba. Cheche huruka, shaba hulika. Katika alteneta mambo yamepinduliwa: sumaku ndiyo izungukayo, nyaya zimetulia, na brashi hupitisha umeme kidogo tu wa kuiamsha sumaku. Kwa hiyo yaweza kuzungushwa kwa kasi kubwa, ikachaji hata injini ikinguruma polepole. Mkondo wake ni geu, lakini diodi huunyoosha kabla haujafika kwenye betri. Chrysler waliitia katika gari la Valiant mwaka 1960. Land Rover waliitia mwaka 1971.

Na huku kwetu wakati wa masika, ni nani aendaye kasi? Gari hukokota gia ya kwanza matopeni, taa zinawaka, waipa zinapangusa. Hapo dinamo haina kitu, betri ndiyo iliwayo. Je, ikiwa ndani yumo mgonjwa apelekwaye Ifakara usiku?

Wengine husema alteneta ni kitu kigeni. La! Kile kidude cha taa ya baiskeli tukiitacho dinamo ni alteneta ndogo: sumaku yazunguka, na mkondo wake ni geu. Hata mitambo ya jirani zetu wa Kidatu, yenye megawati 204, ni alteneta.

Dinamo inayo sifa moja, wala siifichi. Betri ikifa kabisa, gari likasukumwa, dinamo huanza kuzaa umeme kwa usumaku uliobaki katika chuma chake. Alteneta nyingi haziamki bila umeme kidogo wa betri.

Mzazi atakaye kubadilisha amwambie fundi atazame kwanza betri imefungwaje. Magari mengi ya Kiingereza ya zamani yalifungwa chanya kwenye bodi, na alteneta nyingi zataka hasi. Fundi akikosea hapo, diodi huungua mara moja, na atakayenunua nyingine ni mwenye trekta.