Kikapu cha Duka la Intaneti na Dhima ya Muuzaji

Binti mmoja wa Mombasa ametuletea barua. Yeye na mama yake hushona mabuibui nyumbani na kuyauza kwa njia ya intaneti. Siku chache kabla ya Idi, watu watano walilipia mabuibui ya namna moja, na kabatini yalikuwamo matatu tu. Wawili wakaombwa radhi na kurudishiwa fedha zao, wakati ambapo mafundi wote wamekwisha shikwa na kazi za watu wengine. Mmoja wao akamwambia mama, "Mmeniuzia kitu msichokuwa nacho." Tangu siku hiyo mama ametaka biashara ifungwe, na biashara hiyo ndiyo inayolipa karo za wadogo zake. Binti atuuliza: ni kikapu gani cha intaneti kilicho bora ili jambo hili lisirudi tena?

Barua hii imetugusa. Imekuja kwa sura ya swali la mashine, na ndani yake mna swali la dhima. Basi twataka kulijibu kwa pande zote mbili, kwani twajua nyumba nyingi za Waislamu leo zinatafuta riziki kwa njia hii.

Kikapu tunachokisema ni programu inayomwezesha mnunuzi kuchagua vitu, kuona jumla ya bei, kutaja mahali pa kuletewa, na kulipa. Programu hizi ni nyingi, na kila moja yajisifu. Lakini kabla ya kutazama sifa zake, yatupasa tujue ni mapatano ya namna gani tunayoyafanya na mnunuzi.

Hakim bin Hizam, Sahaba aliyekuwa mfanya biashara, alimwuliza Mtume (S.A.W.) khabari ya mtu amjiaye akitaka kitu asichokuwa nacho, naye akamwuzia kisha akaenda kukinunua sokoni. Mtume akamkataza kuuza kisichokuwa kwake. Walakini Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana fedha za tende mwaka mmoja na miaka miwili kabla ya kuzipata. Biashara hiyo hakuikataza, bali aliiwekea masharti: kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Hiyo ndiyo iitwayo bei ya salam, na katika madhehebu ya Imamu Shafi thamani yote hulipwa palepale penye mapatano.

Kwa hivyo mama na binti wana milango miwili. Wauze yaliyomo kabatini, yaliyohesabiwa. Au wapokee maagizo ya kushona, hali kitambaa, vipimo, bei na siku ya kukabidhi vimeandikwa wazi. Kosa lililowapata ni kuichanganya milango hii. Mnunuzi aliamini kuwa ananunua nguo iliyokwisha shonwa, ilhali hapana nguo.

Sasa na tutazame programu. Zimegawanyika namna tatu.

Ya kwanza ni kikapu cha WhatsApp, kilicholetwa mwaka 2020. Hiki ni orodha ya maagizo tu, wala hakihesabu yaliyobaki kabatini. Kwa nyumba inayouza vitu vichache kwa juma, hiki pamoja na daftari chatosha, maadamu mwenye kuandika daftari ni mtu mmoja. Wakiwa wawili, mmoja sokoni na mmoja nyumbani, daftari halisaidii tena.

Ya pili ni mfano wa nyumba ya kupanga, kama vile Shopify, ambayo ni kampuni ya Canada. Kodi hulipwa kila mwezi, nguo iuzwe isiuzwe. Na paa likivuja, kuziba ni kazi ya mwenye nyumba.

Ya tatu ni mfano wa kujenga, kama vile WooCommerce, iliyoanza mwaka 2011 na kufanya kazi juu ya WordPress. Programu yenyewe ni ya bure, lakini kiwanja hulipiwa, yaani mahali pa kuhifadhi duka na jina lake. Na kila toleo jipya likitoka, ni juu yenu kulitia na kuweka nakala za kumbukumbu. La sivyo wezi watapata mlango. Asiye na kijana wa kuifanya kazi hiyo kila mwezi, bure hiyo itamgharimu.

Yoyote itakayochaguliwa, jambo la kwanza la kuulizwa ni hesabu ya mali. WooCommerce yaweza kuhesabu, lakini mwenye duka hana budi kuamuru bidhaa ihesabiwe na kuandika idadi yake. Shopify ina kisanduku cha kuruhusu mauzo yaendelee hata mali ikiisha. Kwa mali ya kabatini, kisanduku hicho kisitiwe alama. Tena wengi hawajui ya kuwa, katika programu nyingi, kutia kitu kikapuni hakumzuii mtu mwingine kukinunua. Hesabu hupungua agizo linapotolewa.

Jambo la pili ni malipo. Kenya imekuwa na M-Pesa tangu mwaka 2007, na mnunuzi wa Mombasa atataka kulipa kwayo. Ulizeni kama kikapu chaweza kuunganishwa nayo, nani atafanya kazi hiyo, na kwa ujira gani. Kisha jumlisheni makato yote. Shopify, mathalan, hutoza ada ya ziada kwa duka lisilotumia njia yake yenyewe ya malipo. Tuseme faida yenu ni shilingi 10 katika kila 100, na makato yote yafika 3. Karibu theluthi ya faida imekwenda kabla ya kununua uzi. Hapo ndipo wengine hushawishika kufidia kwa gharama za usafirishaji zinazojitokeza mwishoni, baada ya mnunuzi kukwisha kuamua. Bei yote, pamoja na ya kupeleka, ionekane kabla ya kulipa. Qur'ani katika Sura An-Nisaa imeweka biashara juu ya msingi wa kuridhiana, na mtu haridhii asichokijua.

Jambo la tatu ni hila. Vikapu vingi huja na vipambo vya kumharakisha mnunuzi: saa inayohesabu kurudi nyuma, maneno kwamba kimebaki kimoja tu, bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari. Ikiwa ni kweli, ni khabari njema kwa mnunuzi. Ikiwa ni uwongo, ni ghishi, wala haibadiliki kuwa halali kwa sababu imeandikwa na mashine. Mtume alipotia mkono katika fungu la chakula sokoni akakuta umaji chini yake, alimlaumu mwenyewe kwa kutouweka juu watu wauone. Picha ya buibui iliyotiwa nuru hata rangi ikabadilika nayo ni fungu lenye umaji ndani. Vilevile vifungo vya kununua kwa mkopo vitazamwe masharti yake. Palipo na nyongeza kwa kuchelewa kulipa, viondolewe.

Jambo la nne ni majina ya watu. Duka lenu litakusanya majina ya wanawake, namba zao za simu, na nyumba wanazokaa. Hiyo ni amana, na Kenya ina sheria ya kulinda khabari za watu tangu mwaka 2019. Asizione ila mwenye kazi nazo. Nanyi ulizeni mapema kama mtaweza kuondoka na orodha ya mali na ya wateja wenu siku mtakayohama.

Ama shauri letu kwa binti yetu ni hili. Kwa mama na mtoto wenye kabati moja na wasio na fundi wa kompyuta, nyumba ya kupanga yafaa zaidi, ikiwa mauzo ya mwezi yalipa kodi bila taabu. Kama hayalipi, bakini na WhatsApp na daftari moja, wala si aibu. Lakini kabla ya kufungua mlango, fanyeni jaribio. Wekeni dukani buibui moja tu. Wewe shika simu yako, mama ashike yake, mkalinunue kwa dakika moja. Mkifanikiwa nyote wawili kulipa, msifungue mpaka kasoro hiyo itengenezwe. Kisha jaribuni kulipa kwa M-Pesa shilingi chache, mwone kama duka lapata jibu, na kama fedha hurudi upesi mnunuzi anapodai.

Na kwa mama twasema: usifunge biashara. Fedha za watu umezirudisha na radhi umeomba. Aliyeumizwa na kosa lake ndiye anayefaa kuaminiwa duka. Wale wawili wapelekeeni salamu, na Idi ijayo wawe wa kwanza kushonewa, kwa siku iliyoandikwa.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki za nyumba zetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wafanya biashara wakweli. Amin.