Kuku na Bata Wasipewe Mahindi Yenye Ukungu

Katika nyumba nyingi tukichambua mahindi, yale mabovu hutupiwa kuku. Watu husema, "Kuku hachagui." Mimi sikubaliani nao. Mahindi yenye ukungu si chakula cha mtu, wala si chakula cha kuku.

Ukungu huo huweza kuleta sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini. Mwaka 1960 huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Wataalamu walipochunguza, waliona sumu hiyo katika mashudu ya karanga waliyolishwa. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2016, watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu.

Wengi wetu tunafuga kuku, bata na vifaranga katika ua mmoja. Wote hula pamoja. Basi tuchague chakula kwa kumfikiria aliye dhaifu. Vifaranga vya bata hudhurika upesi kuliko kuku. Kuku mkubwa huenda asife, lakini hukonda na kutaga mayai machache. Tena sumu huweza kuingia katika maini na mayai. Mayai hayo tunawapa watoto wetu. Kupika hakuondoi sumu hiyo.

Je, tuwalishe nini? Tuwape mtama, chenga za mahindi safi na pumba kavu. Pumba za mahindi mabovu nazo zina sumu. Tuongeze dagaa waliopondwa, mchwa na majani mabichi, ili vifaranga vikue vizuri.

Mitetea wanaotaga wanahitaji chokaa. Choma maganda ya mayai, yaponde, uyaweke katika chombo cha peke yake. Mitetea watakula wenyewe. Usiyachanganye na chakula cha wote, kwa sababu chokaa nyingi hudhuru figo za vifaranga. Bata nao wawe na maji karibu wakati wa kula.

Wengine watasema kutupa mahindi ni hasara. Ni kweli, inauma. Lakini hasara hiyo tuizuie mapema. Tuanike mahindi juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo. Yakauke kabisa kabla ya kuingia ghalani. Yakiota ukungu, tuyafukie shimoni. Tusiyarudishe mezani kwa njia ya yai.