Mtoto wa mbwa asisafiri bila kwao kujulikana: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo

Kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo,
Wizara ya Mifugo na Uvuvi,
Dodoma.

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Nyakato, Mwanza, kukuomba jambo moja: utumie mamlaka uliyonayo kisheria ili mtoto wa mbwa anayeuzwa kwa simu asisafirishwe kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila muuzaji wake kujulikana kwa daktari wa mifugo wa huko anakotoka. Biashara hii imekua kimyakimya. Jiji linapanuka kuelekea Igoma, Buswelu na Nyamhongolo. Watu wanajenga, wanazungusha uzio, na baada ya uzio wanatafuta mbwa wa ulinzi. Mbwa wa kienyeji anapatikana kwa jirani. Anayetaka German Shepherd, Rottweiler au Boerboel mara nyingi huishia kwenye simu. Muuzaji asiyemjua humtumia picha ya watoto wanne waliolala juu ya taulo, na chini yake maneno machache: wa mbegu, wamechanjwa, wamebaki wawili. Nusu ya hela inatakiwa leo ili mtoto asichukuliwe na mwingine, nusu nyingine kabla basi halijaondoka. Kesho yake mnyama anashushwa stendi ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa matundu, namba ya simu ya mpokeaji ikiwa imeandikwa ubavuni kwa maka peni. Huku ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limesafiri, kwa anayetoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100.

Ushauri unaotolewa siku zote ni kwamba mnunuzi awe makini. Sikatai umakini, ila nasema hautoshi, kwa sababu mambo yanayoamua kama mtoto wa mbwa ataishi ndiyo hasa yasiyoonekana kwenye picha: afya ya mama yake, usafi wa banda alikozaliwa, umri wake wa kweli na chanjo alizopata. Chukua chanjo peke yake. Mtoto wa mbwa hupata kinga ya mwanzo kutoka kwenye maziwa ya kwanza ya mama. Kinga hiyo hupungua wiki baada ya wiki, na wakati bado ina nguvu inaweza kuizuia chanjo isifanye kazi yake. Ndiyo maana chanjo ya magonjwa ya pavo na distempa huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Kwa hiyo muuzaji anaposema kwamba mtoto wa wiki saba amechanjwa, hata kama anasema kweli, maana yake ni kwamba ameanza tu kuchanjwa. Kadi ya chanjo nayo ina mambo yake. Iliyo kamili hubandikwa stika iliyotoka kwenye kichupa cha chanjo, yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, halafu hufuata tarehe ya kuchanja, sahihi na mhuri wa daktari. Kadi yenye tarehe na alama ya vema peke yake haithibitishi chochote. Na hata yenye stika haiwezi kusema kama kichupa kilikaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 kilipokuwa njiani. Hilo analijua daktari aliyechanja, na mnunuzi hana namna ya kumfikia ikiwa muuzaji mwenyewe hajulikani alipo.

Pavo huonyesha vizuri zaidi kwa nini mnunuzi hana pa kushika. Ugonjwa huu, uliotambuliwa mwaka 1978 na kuenea duniani kwa kasi, kwa kawaida huchukua siku 3 hadi 7 tangu mbwa aambukizwe mpaka dalili zitokee. Mtoto aliyeambukizwa bandani kwa muuzaji anaweza kupanda basi akicheza, akafika Nyakato akila vizuri, na siku ya nne akaanza kutapika na kuharisha damu. Mnunuzi akipiga simu ataambiwa kwamba mtoto alitoka mzima, na huenda muuzaji anaamini hivyo kwa dhati. Hakuna daktari aliyemwona mnyama siku ya safari, hakuna karatasi, hakuna wa kuamua kati yao. Baya zaidi, virusi vya pavo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata kufikia mwaka. Mtoto wa pili akiletwa kuziba pengo kwenye ua uleule naye huugua, na wa jirani asiyekamilisha chanjo pia.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mnunuzi na pochi yake. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa mtoto akifikisha umri wa miezi mitatu. Mtoto wa miezi miwili anayeshushwa stendi hana kinga hiyo, awe ametoka kwa mwaminifu au kwa tapeli. Virusi vya kichaa cha mbwa vinaweza kukaa mwilini wiki kadhaa au miezi bila dalili, na hakuna kipimo cha kawaida cha kuvitambua kwa mbwa aliye hai ambaye bado haumwi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba wanne kati ya kumi wanaofariki ni watoto walio chini ya miaka 15. Watoto ndio wanaoshika, kubeba na kulala na mbwa mdogo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu karibu kila mara huishia kwenye kifo.

Nchi yetu ina ushahidi wake wa kile mbwa mmoja asiyefuatiliwa anachoweza kufanya. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima zilifanikiwa kukomesha maambukizi ya kichaa cha mbwa kufikia Mei 2014. Chanjo ikalegalega. Mwishoni mwa 2016 virusi viliingia kisiwani mara mbili kutoka nje, na mlipuko mpya ukazimwa Oktoba 2018, baada ya kampeni ya chanjo kurudishwa. Watafiti waliweza kubaini haya kwa kufuatilia kila tukio la kung'atwa na kusoma vinasaba vya virusi. Pemba imezungukwa na bahari, na bado haikusalimika. Mwanza ni njia panda: kuna barabara ya Musoma inayofika Sirari mpakani mwa Kenya, kuna daraja la Kigongo–Busisi linalotuunganisha na Geita na Kagera, na kuna vivuko vya kwenda Ukerewe. Mashariki yetu iko Serengeti, ambako mwaka 1994 distempa iliua simba wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa eneo hilo, na watafiti wakauhusisha ugonjwa huo na mbwa wa vijiji vya jirani. Mbwa anayeingia hapa bila rekodi anaingia kwenye mtandao huo wote.

Kuna hasara nyingine inayojulikana zaidi: anayelipa na asipate mbwa kabisa. Watanzania wanaijua vizuri ile meseji ya kuagiza hela itumwe "kwenye namba hii", na Mamlaka ya Mawasiliano imeweka namba 15040 ya kuripoti matapeli. Kwenye biashara ya mbwa utapeli huu umeshasambaa duniani kwa sura ileile: picha iliyochukuliwa kwenye tangazo la mtu mwingine, bei nafuu kuliko kawaida, kisha gharama mpya kila siku, leo sanduku la kusafirishia, kesho kibali, keshokutwa bima, mpaka mnunuzi akate tamaa. Nautaja hapa kwa sababu mzizi wake ni uleule wa mtoto anayefika mgonjwa. Tapeli na mfugaji mchafu wote wawili wanajificha nyuma ya ukweli kwamba hakuna anayemdai muuzaji ajitambulishe kwa mtu yeyote zaidi ya jina lililosajiliwa kwenye laini ya simu.

Ninachopendekeza hakihitaji chombo kipya. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Na. 17 ya 2003, imeshaweka msingi wa kudhibiti magonjwa na mwendo wa wanyama, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008, inakataza kuwasafirisha kwa mateso. Naomba mwongozo mmoja unaosema mambo matatu. Kwanza, anayetangaza au kusafirisha watoto wa mbwa nje ya wilaya yake ajiandikishe kwa daktari wa mifugo wa halmashauri, apewe namba, na namba hiyo ionekane kwenye kila tangazo. Pili, mtoto asisafirishwe kabla ya kufikisha wiki 8, na awe na cheti cha ukurasa mmoja kilichosainiwa na daktari siku chache kabla ya safari, nakala ikitumwa kwa daktari wa wilaya anakokwenda ili mnyama afuatiliwe na achanjwe kichaa cha mbwa akitimiza umri. Tatu, kwa kushirikiana na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), basi lisipakie mtoto wa mbwa asiye na cheti hicho, wala lisimweke kwenye buti. England ilikwenda mbali zaidi: tangu Aprili 2020, sheria inayoitwa Lucy's Law imepiga marufuku wafanyabiashara wa kati kuuza watoto wa mbwa wenye umri chini ya miezi sita, na anayenunua kwa mfugaji anapaswa kuonyeshwa mtoto akiwa na mama yake, pale alipozaliwa. Sisi tunaweza kuanza na hatua ndogo kuliko hiyo.

Yapo mapingamizi, na yana uzito. La kwanza ni kwamba masharti yatamwumiza mfugaji mdogo mwenye jike moja uani, au yatamsukuma afanye biashara kwa kificho. Jibu langu ni kwamba usajili uwe bure au wa ada ndogo sana, na umhusu tu anayeuza nje ya wilaya yake. Anayemuuzia jirani aachwe, maana jirani anaingia uani na kumwona mama kwa macho yake. Mfugaji mwaminifu ndiye wa kwanza kunufaika: leo anashindana bei na mtu asiyenunua hata chanjo moja, na namba ya usajili itamtofautisha. La pili ni kwamba tunazo sheria nyingi zisizotekelezwa. Ni kweli, lakini biashara hii ina mlango mwembamba. Huwezi kusimamia kila simu, ila karibu kila mbwa wa mbali hupita stendi, na stendi zina mageti, mawakala wa vifurushi na askari. Wakala akikataa boksi moja lisilo na cheti, habari itawafikia wauzaji wote ndani ya wiki.

La tatu ndilo zito kuliko yote: wizara ina kazi kubwa za ng'ombe, zinazogusa riziki ya mamilioni, na mbwa wa ulinzi ni anasa ya wenye uzio. Juni 2025, Bariadi, si mbali na hapa, ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na hakuna anayetaka nguvu hiyo ipunguzwe. Lakini kampeni hiyo yenyewe inakubali kanuni ninayoiomba, kwamba mnyama anayehama lazima ajulikane ametoka kwa nani. Ng'ombe anavishwa heleni. Mbwa, ambaye ndiye chanzo cha karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, anapita na namba ya simu iliyoandikwa kwenye boksi. Anayeng'atwa naye huwa si mwenye uzio peke yake. Anaweza kuwa mtoto anayepita kwenda shule, na familia yake ndiyo itakayohangaika kutafuta chanjo hospitalini.

Mpaka mwongozo huo utoke, nawasihi wasomaji wa Mwanza na kwingineko: usitume hela kabla hujamwona mtoto na mama yake kwa simu ya video, mpigie daktari ambaye mhuri wake uko kwenye kadi, kataa mtoto wa chini ya wiki 8, na akifika, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hajachangamana na mbwa wengine. Akikung'ata mbwa yeyote, osha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ndugu Mkurugenzi, raia akifanya yote hayo bado atakuwa anabahatisha, kwa sababu kumtambua muuzaji aliye mkoa mwingine ni kazi ya dola. Sheria ipo, madaktari wa wilaya wapo, na stendi zipo. Kinachosubiriwa ni agizo lako.

Mkazi wa Nyakato,
Mwanza.